Mwanangu ana hemofilia, fakta 8 haimsaidii tena. Naombeni ushauri

FundiMbagala: Wakuu, habari za jioni. Kijana wangu ana miaka 9, hemofilia A kali, ule ugonjwa wa damu kutoganda vizuri. Zamani goti likivimba anachomwa fakta 8, dawa ya kugandisha damu, kesho yake yuko na mpira. Safari hii kachomwa mara tatu, bure. Nashona nguo, basi nampima kwa futi yangu: goti zima inchi 10, bovu 12 na nusu. Shuka likimgusa tu analia. Wamepima, ana inhibita, yuniti 14. Foleni ilikuwa ndefu, nikatoka na neno hilo moja. Ndiyo nini?

BabaWawili: Pole dada. Wangu nilianza naye hivyo hivyo. Mwili umeiona fakta kuwa adui, ukatengeneza kingamwili za kuipiga. Zikizidi yuniti 5, kumwongezea fakta 8 ni kumwaga maji mchangani. Anahitaji dawa ya kuizunguka, yaani ya kugandisha damu bila fakta 8: NovoSeven au FEIBA. NovoSeven inaisha mwilini haraka, hurudiwa kila saa 2 au 3, kwa hiyo beba shuka, mtalala huko. FEIBA ni kila saa 8 hadi 12. Ulizia mapema ipi ipo. Muhimbili wana kliniki ya hemofilia.

Mzee_wa_Pwani: Mkande kwa maji ya moto na mafuta ya karafuu, utanywea.

NesiTemeke: Mzee wangu, hapana! Joto litazidisha kuvuja kwa damu. Barafu ndani ya kitambaa, dakika 15 hadi 20, mguu juu ya mto, asiukanyage. Maumivu apewe paracetamol. Diklofenaki, aspirini na sindano za matakoni asipewe kabisa. Akijigonga kichwa, hata akicheka, hospitali hapo hapo.

Kijana23: Mimi pia nina inhibita. Ulizia Hemlibra, inachomwa chini ya ngozi, kila wiki hadi kila wiki nne. Ila inakinga tu, haizimi damu inayovuja sasa. Akiianza, kila daktari ajue: ikikutana na FEIBA nyingi, damu inaweza kuganda kwenye mishipa midogo.

NesiTemeke: Mama, hizo inchi 12 na nusu ni za lini?

FundiMbagala: Za leo saa kumi. Nilipanga kumpeleka Jumatatu.

BabaWawili: Jumatatu?! Damu ikikaa kwenye goti inakula gegedu, ile inayozuia mifupa isisagane. Ondokeni sasa hivi.

FundiMbagala: Bajaji imefika. Majina ya dawa nimeyaandika nyuma ya daftari la vipimo vya wateja, nimelibeba.