Roho zimepingana kuhusu kuzaliwa upya: tuamini zipi?

Jicho Pima
Wakuu, Uspiritualisti, yaani imani ya kuwasiliana na roho za waliokufa, unafundisha kwamba mtu akifa, roho yake inaingia kwenye ulimwengu wenye ngazi na kupanda kadiri inavyojirekebisha. Andrew Jackson Davis, Mmarekani mwandishi wa imani hiyo, aliyaita makazi hayo Summerland. Jehanamu ya milele haimo. Mafundisho haya wanasema yametoka kwa roho zenyewe, kwa kinywa au mkono wa midiamu, yaani mtu anayepokea ujumbe wa roho. Hapo ndipo ninapokwama. Mwaka 1857 Mfaransa Allan Kardec alichapisha Paris kitabu cha majibu ya roho, nazo zinasema mtu huzaliwa tena na tena. Miaka hiyohiyo midiamu wengi wa Uingereza na Marekani walipokea roho zilizokana jambo hilo. Marehemu hajui kama atarudi duniani? Kwangu haya ni mawazo ya watu wenyewe waliokaa mezani kuita roho.

Taa ya Chemli
Ndugu Jicho, umeruka jambo kubwa. Kardec hakusema roho zinajua kila kitu. Alizipanga katika daraja tatu: zisizokamilika, njema, na safi. Za chini hudanganya, hata kuazima majina ya watu maarufu. Kufa hakumpi mtu elimu. Ndiyo maana akaweka kipimo: jibu lisikubaliwe kwa midiamu mmoja, lilinganishwe na ya wengi wa miji tofauti wasiofahamiana.

Jicho Pima
Lakini aliyelinganisha na kuchagua ni Kardec mwenyewe.

Bawaba
Kabla ya kulinganisha majibu, tuulize yamefikaje. Watu wanakaa duara, viganja mezani, mmoja anataja herufi moja moja; meza ikiinama au ikigonga, herufi inaandikwa. Mwaka 1853 mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday alirundika kadi ngumu juu ya meza, akazishikiza kwa vidonge vya gundi laini inayoruhusu kuteleza kidogo, kisha akaweka alama za penseli aone ipi imesogea zaidi. Meza ikivuta mikono, kadi za chini zitangulie. Mikono ikisukuma, za juu zitangulie. Zilitangulia za juu. Akatengeneza na kiashirio cha kuonyesha mkono unaposukuma. Wahusika walipokitazama, meza ikatulia tuli! Hawakuwa matapeli, misuli husukuma bila mwenyewe kujua. Kwa ubao wa herufi, ambapo wahusika hushika pamoja kielekezi kinachoteleza juu ya herufi, ni rahisi zaidi: wafunge macho wote, ugeuze ubao kimyakimya. Maneno yanavurugika, maana waliokuwa wakiona herufi ndio waliokuwa wakiandika.

Mwambao
Nyongeza fupi: tusiwaite roho hawa pepo. Pepo wa ngoma zetu si marehemu. Ana kabila lake na matakwa yake, na aliyepandwa huitwa kiti. Anayekaribiana na roho za Uspiritualisti ni mzimu.

Taa ya Chemli
Bawaba, Faraday ameeleza mwendo wa meza, na hilo nalikubali. Hajaeleza ujumbe wenye jambo ambalo hakuna aliyekaa pale alilijua. Hapo ni misuli ya nani?

Bawaba
Swali zuri, na linapimika. Mtu asiyehudhuria aandike mambo kumi ya marehemu, afunge bahasha kwa lakiri. Midiamu asimwone yeyote wa familia, kwa sababu uso na pumzi za msikilizaji humwongoza bila kukusudia. Kila neno lake liandikwe papo hapo, na yaliyokosewa yahesabiwe sawa na yaliyopatia. Vikao vingi huvurugika hapo mwishoni: aliyefiwa hukumbuka jina moja lililopatia, akasahau kumi na mawili yaliyotajwa kabla yake.