Mjadala: Je, Australia iliomba radhi mwaka 2008, au ilitoa pole tu?

Wako wanaoshikilia kwamba suala hili lilikwisha tarehe 13 Februari 2008, siku Waziri Mkuu Kevin Rudd aliposimama bungeni Canberra kuwaomba radhi wenyeji wa asili ambao watoto wao, kuanzia takriban 1910 hadi 1970, walichukuliwa na serikali na kupelekwa kwenye makao, misheni na familia za Wazungu. Sikubaliani nao.

Sisi humpa pole mfiwa bila kuwa na hatia yoyote, ilhali anayeomba radhi amekwisha kukiri kosa. Kiingereza hutumia neno moja, "sorry", kwa yote mawili, na ugomvi wa Australia ulikuwa juu ya neno hilo hilo. Mwaka 1999 John Howard, waziri mkuu wa wakati huo, alikubali bunge lieleze masikitiko yake, lakini kuomba radhi alikataa katakata, ingawa ripoti ya 1997 ya uchunguzi wa kitaifa kuhusu watoto hao ilikuwa imekadiria kwamba alichukuliwa mtoto mmoja wa wenyeji katika kila kumi kwa uchache, au mmoja katika kila watatu kwa wingi. Rudd, kwa haki yake, alilitamka neno hilo. Alisimulia habari za bibi mmoja ambaye jamaa zake walichimba mashimo kwenye ukingo wa kijito ili watoto wajifiche siku lori litakapokuja; lori likaja, nao wakapatikana.

Hata hivyo, hakuambatanisha fidia yoyote. Malipo ya serikali kuu kwa manusura wa Northern Territory, jimbo la kaskazini mwa nchi, dola 75,000 kwa kila mmoja, yalitangazwa mwaka 2021. Aliyechukuliwa mwaka 1940 akiwa na miaka mitatu alikuwa amefikisha miaka 84, kama bado alikuwa hai.

Husemwa pia kwamba kizazi cha leo hakina hatia. Ni kweli kwa mtu mmoja mmoja, lakini serikali hurithi madeni ya waliotangulia pamoja na hazina yao, na sijapata kusikia iliyoikataa hazina.

Ubelgiji nayo, mwaka 2019, iliomba radhi kwa watoto machotara iliowatenga na mama zao Kongo, Rwanda na Burundi. Wanawake watano waliozaliwa Kongo walilazimika kushtaki ili walipwe, na Desemba 2024 mahakama ya rufaa ya Brussels ikaamua kwamba lile lilikuwa jinai dhidi ya ubinadamu na kila mmoja alipwe yuro 50,000. Wanaosema tamko linatosha watueleze: wanawake wale walikosea kwenda mahakamani?