Tupeane uzoefu: samaki wako alipoanza kuogelea ajabu ajabu, ulifanyaje?

Boya_Jekundu: Wakuu, tangu juzi goldifishi wangu, yule wa tumbo mviringo, anaelea mkia juu kichwa chini kama boya. Akijitahidi anazama, akiacha tu anapanda mwenyewe. Macho maangavu, chakula anakigombea. Nilimpoteza mwingine hivi hivi, sasa silali. Nani yamemkuta?

Mama_Mapezi: Pole mkuu. Hicho ni kibofu cha hewa. Hawa wa mviringo matumbo yao yamebanana, wakivimbiwa tu kibofu kinasukumwa. Mnyime chakula siku mbili tatu, halafu mpe njegere laini iliyomenywa. Wangu alinyooka.

Fundi_Chujio: Njegere, njegere. Kila ugonjwa njegere! Maji umepima?

Mama_Mapezi: Nimesema wangu alinyooka. Sikusema nina digrii.

Tumbo_Juu: Mmenikumbusha aibu yangu. Nilipata kambare mdogo, jamii ya gogogo. Asubuhi namkuta chali, tumbo juu, anaogelea chini ya jani. Nikatia chumvi. Nikamtenga kwenye ndoo. Nikampandishia joto. Wiki nzima nauguza, na mgonjwa anakula kunishinda mimi. Ndipo akaja jamaa anayewajua, akacheka mpaka akakaa chini. Kumbe ni Synodontis nigriventris, wa bonde la mto Kongo, kuogelea chali ndiyo maisha yake! Hata tumbo lake ni jeusi kuliko mgongo. Nilikuwa nautibu uzima.

Asiye_Lala: 😂😂 "Nautibu uzima" naondoka nayo hiyo.

Wavu_Mkononi: Wangu mimi ni botia mwenye milia. Kalala ubavu katikati ya mawe, hatikisiki. Watoto wameshalia, na shimo la kumzikia limeshachimbwa. Wavu ulipomgusa akachomoka kama mshale. Nasikia ndivyo wanavyolala. Shimo tukapanda ua.

Alfajiri_Ile: Nyie mnacheka, mimi bado inaniuma. Nilikuwa na gapi na neoni, jumla 14. Siku moja nikaamua kufanya usafi wa maana. Maji yote nikamwaga, mawe nikasugua, sifongo ya chujio nikaikamua chini ya bomba mpaka ikatoa maji meupe. Tangi likang'aa, nikajisifu.

Siku ya tatu nakuta wote wako juu, midomo imegusa uso wa maji. Nikadhani wananidai chakula, na NIKAWAPA. Usiku nikaona matamvua yanapiga haraka haraka. Mmoja anajikwaruza kwenye jiwe, anatimka tangi zima, anagonga kioo, anazunguka kama pia, kisha anatulia akiwa ameinama upande. Nikasema ni hewa, nikaongeza pampu. Sikulala. Alfajiri walishaondoka sita, na mimi nimeshika kikombe cha chai kilichopoa, sijui nimshike yupi. Nilipopata cha kupimia, amonia, ile sumu inayotokana na uchafu wa samaki, imepanda kupita kiasi. Wale bakteria wa kwenye sifongo, wanaoila amonia, niliwaua kwa mikono yangu na maji ya bomba. Nikabadilisha nusu ya maji, kesho yake tena. Mwishowe walibaki wanne.

Mama_Mapezi: Dah. Pole sana ndugu yangu.

Asiye_Lala: Na mimi sifongo naiosha bombani kila wiki... nimenyamaza.

Fundi_Chujio: Acha leo hii. Ioshe kwenye ndoo ya maji uliyoyatoa tangini. Na hayo maji mapya, Alfajiri, ulitia dawa ya kuondoa klorini, ile ya kuulia vijidudu kwenye maji ya bomba?

Alfajiri_Ile: Niliyalaza kwenye ndoo siku nzima.

Fundi_Chujio: Klorini huruka ukilaza. Kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, hairuki hivyo, inataka dawa.

Maji_Ya_Kulaza: Miaka yote nalaza, hakuna aliyekufa. Mnatishana tu.

Fundi_Chujio: Basi maji yako yana klorini tupu. Mshukuru Mungu, usiwashauri wengine.

Maji_Ya_Kulaza: Nani amekuteua?

Wavu_Mkononi: Ndoo zenu zipiganie nje ya uzi huu tafadhali.

Mgeni_Kioo: Swali: beta wangu anapanda juu kuvuta hewa kila mara. Baada ya kumsoma Alfajiri nimeanza kutetemeka.

Tumbo_Juu: Huyo tulia. Beta na gurami wana kiungo cha kuvutia hewa ya juu. Koridora naye huchomoka juu mara moja akarudi chini. Ukiona gapi na neoni wamejipanga juu wote, hapo ndipo ukimbie.

Mgeni_Kioo: Na kupanda na kushuka kwenye kioo mchana kutwa?

Asiye_Lala: Anajiona. Wangu aligombana na kivuli chake siku nne, nikabandika karatasi nyuma ya tangi, akaacha.

Maji_Ya_Kulaza: Chumvi kidogo inamaliza yote haya.

Tumbo_Juu: Chumvi nimeshaimwaga mimi, mkuu. Soma juu.

Boya_Jekundu: Mrejesho: nimepima. Amonia sifuri, nitriti (sumu inayotokana na amonia) sifuri, joto nyuzi 20. Fundi, umeridhika? Naweka njegere jikoni.

Fundi_Chujio: Siku mbili za kufunga kwanza. Halafu umenye.