BANA KATUBA: misa ya Papa siku ya posho

Ya Mado (05:48): Bandugu jambo. Muliamka muzuri?

Ya Mado (05:48): Leo siku ya tatu (Jumatano). Posho (Jumamosi) ni misa ya mwaka moja ya kifo cha Papa, baba yetu. Kaseti tatu za sauti yake zingali hazijaingia mu mashini, ile ordinateri.

Ya Mado (05:49): Na mashini haiingizi tena sauti. Ile kisanduku ya sauti tunafungaka ku radio-kaseti, taa yake inawaka, lakini mashini inasema haiioni.

Ya Mado (05:52): Nani aligusa?

Ya Mado (06:34): Bantu makumi mawili na sita muko humu. Naona kumi na nane bamesoma.

Mulamu (07:02): Jambo bakwetu. Kama taa inawaka haikufa, ilichoka tu. Hata mimi siku ya kwanza niko vile.

Ya Mado (07:03): Mulamu, leo apana.

Fiston Kolwezi (07:15): Tantine jambo. Ilifanya mwisho lini?

Ya Mado (07:16): Siku ya mungu mangaribi. Niliingiza kaseti ya harusi ya Likasi yote, pande mbili. Siku ya kwanza nikafungua, naona kioo imebadilika. Vile vidude vya chini vimehamia katikati.

Fiston Kolwezi (07:19): Vimehamia katikati, basi ni Windows 11. Mutu alikubali mizajuri, ile toleo mupya, ipande usiku.

Fiston Kolwezi (07:20): Hii haishangazi, tangu 14 Oktoba 2025 Windows 10 haipati tena mizajuri ya bure ya usalama, labda ujiandikishe kwa ile nyongeza ya mwaka moja. Kwa hiyo kila siku ilikuwa inabembeleza: panda, panda. Mutu akachoka, akabofya.

Ya Mado (07:21): Junior.

Ya Mado (07:21): @Junior

Ya Mado (07:40): Junior njo analalaka mu ile chumba ya mashini. Junior ujibu.

Tantine Likasi (08:05): 🙏🙏 Bwana ni mchungaji wangu, sitapungukiwa na kitu. Tuma kwa watu kumi unaowapenda.

Mulamu (08:06): Amina. Kumi ni mingi, napenda saba tu.

Fiston Kolwezi (08:22): Niko na mapumziko kidogo, nieleze. Kisanduku ile Kambo, Papa yenu, alinunua kama 2009. Kila kifaa ya namna ile inaombaka piloti, ni programu ndogo yenye inasimama katikati ya kifaa na mashini, inatafsiri. Benye kutengeneza hii yetu balitoa piloti ya mwisho wakati wa Windows 7, kisha bakaacha. Ku Windows 10 ilikuwa inavumilia. Ku 11 inaweza kukataliwa mulangoni.

Ya Mado (08:24): Kwa nini ikataliwe? Kifaa ni kizima!

Fiston Kolwezi (08:26): Kuna ulinzi moja inaitwa uthabiti wa kumbukumbu (mu mashini ya Katuba iko kwa Kifaransa, intégrité de la mémoire). Ikiwa imewashwa, inakagua kila piloti mbele ya kuiacha iingie ndani kabisa mu mfumo. Piloti ya zamani haikuandikwa kwa kanuni hizo, inaachwa inje. Kifaa haina kosa, ni karatasi zake zimepitwa.

Mulamu (08:27): Ni Kasumbalesa, kule mpakani 😂 Gari ni nzima, karatasi njo hakuna.

Ya Guy Ndola (08:27): 😂😂😂 Umulizie huyu mwenye alilala mpakani na kuku mbili

Mulamu (08:28): Kuku tatu. Ya tatu ilibakia kwa mukubwa wa kizuizi.

Ya Guy Ndola (08:28): 😂😂

Ya Mado (08:29): Munacheka. Posho hapo katikati ya misa na kula, tulisema sauti ya Papa inasikilika mu lupango, kiwanja ya nyumba, mbele ya bote. Tuliandika mu programu. Padri anajua. Na hamuna hata moja anauliza: tunafanya nini?

Ya Mado (08:31): Kaseti moja ya 90 inaingia kwa saa moja na nusu, hakuna njia ya mukato, lazima icheze yote. Tatu ni saa ine na nusu. Na umeme munajua mwenyewe vile unakuyaka.

Fiston Kolwezi (08:40): Tantine, mbele ya yote tuangalie vitu vidogo. Kisha kupanda, ruhusa ya mikro inaweza kuwa imefungwa. Kwa Windows kila kitu chenye kuingiza sauti ni mikro, hata kama ni radio-kaseti. Ruhusa ikifungwa, Audacity, ile programu ya kuandika sauti, inaandika mustari wa bule, kimya tupu. Mutu anafikiri kisanduku imekufa, kumbe ni ruhusa.

Ya Mado (08:41): Nimekwambia haiioni KABISA.

Fiston Kolwezi (08:43): Sawa. Basi mu orodha ya vifaa kuna pembetatu ya njano ku jina yake? Ikiwa iko na Kodi 39, maana yake piloti haikupakiwa.

Ya Mado (08:44): Mimi niko Bel-Air, ku kazi. Mashini iko Katuba. JUNIOR.

Ya Guy Ndola (09:10): Tumpigie Kambo Mama?

Ya Mado (09:10): Mama asisumbuliwe na mambo ya pembetatu.

Mulamu (10:15): Mawazo yangu: mutu aweke simu pembeni ya radio-kaseti, aandike na simu. Imekwisha.

Ya Mado (10:17): Na batoto banalia, na majirani banapiga muziki, na jenereta. Papa anasema majina ya bankambo bake mpaka Bukama, utasikia jina moja mu tatu. Na sababu gani wewe njo unashauri juu ya kaseti?

Mulamu (10:18): Nilijua tutafika hapo.

Ya Mado (10:18): Eeh tutafika. Zilikuwa kaseti saba. Ziko sita. Ya saba iko wapi?

Mulamu (10:19): Iko. Kwangu mu kabati.

Ya Mado (10:19): Iko na nini ndani?

Mulamu (10:21): Iko na TP Mazembe na Internacional, Abu Dhabi, tarehe 14 Desemba 2010, mbili kwa bule. Kabangu, kisha Kaluyituka. Timu ya kwanza ya Afrika kufika finale ya kombe la dunia la vilabu. Yote mu radio, mpaka kipa Kidiaba anaruka na matako.

Ya Guy Ndola (10:22): Lakini ile ilikuwa mechi 🖤🤍

Fiston Kolwezi (10:22): Mulamu, unaweza kuiingiza na yenyewe siku moja? 🙈

Ya Mado (10:23): Fiston!

Ya Mado (10:24): Alifuta sauti ya baba yetu juu ya mupira. Miaka kumi na tano na hajawahi kusema hata pole. Hakuna hata mwenye alivunja vile vijino vya juu ya kaseti, vikivunjwa radio haiandiki tena juu yake. Papa alikuwa mutu wa chemin de fer (reli), alijua kutengeneza kila kitu, akasahau vijino.

Mulamu (10:31): Ujumbe huu umefutwa

Ya Mado (10:32): Uliandika nini?

Mulamu (10:33): Hakuna. Narudia ku kazi.

Fiston Kolwezi (12:50): Tantine, nimefikiri. Njia ni tatu.

Fiston Kolwezi (12:52): Ya kwanza, kuzima ule ulinzi wa kumbukumbu, kuanza mashini upya, kuona kama piloti inaingia. Dakika kumi. Lakini mashini inabakia bila ule ulinzi, kwa hiyo kisha kaseti kuingia tunauwasha tena. Musisahau hapo.

Fiston Kolwezi (12:55): Ya pili, kurudi ku Windows 10. Inaruhusiwa siku 10 tu tangu ilipanda. Windows ya zamani inawekwa mu dosie moja inaitwa Windows.old, kisha zile siku inafutwa yenyewe. Faili za Kambo hazipotei, lakini programu zenye ziliwekwa kisha kupanda zitapotea. Kaseti zenye zilikwisha kuingia, kopi iko ku flash?

Ya Mado (12:56): Iko. Mbili.

Fiston Kolwezi (12:58): Muzuri. Ya tatu, nakuya siku ya tano mangaribi na flash ya Linux, mufumo mwingine kama Windows. Linux inapendaka vifaa vya wazee, vingi inavitambua bila kuomba piloti. Inaanzia mu flash, haigusi kitu ndani ya diski. Lakini gari ya kutoka Kolwezi, munaijua, na sijapata ruhusa ku shefu.

Ya Mado (13:01): Basi tunaanza na ya kwanza leo. Junior anazima, anaanza upya, anatuma picha. Ikikataa, ya pili. Nani anapinga?

Ya Mado (13:20): Hakuna mwenye anapinga. Nimeandika.

Ya Mado (16:45): Na mutu ASISAFISHE diski. Fiston anasema ukisafisha, Windows.old inaenda na uchafu.

Fiston Kolwezi (16:47): Ndiyo. Mu orodha ya kusafisha inaandikwa kama ufungaji wa zamani wa Windows, na ni yenye uzito kushinda zote, kwa hiyo inavutia macho. Musiiguse.

Ya Guy Ndola (17:30): Mapishi nani anashika? Juu mbuzi ya hapa haipiti mpaka.

Ya Mado (17:31): Mapishi ni kesho. Leo ni sauti.

Junior (19:31): Kambo Mama anasema niandike.

Ya Mado (19:31): JUNIOR. Kumbe simu iko mu mukono!

Junior (19:32): Tantine, Kambo Mama anasema ninyi mungoje kwanza amalize.

Junior (19:33): Anasema: jambo bana bangu. Simu ya Junior inalia tangu asubui, nimemuomba anisomee yote, amenisomea, hata zenye aliogopa.

Junior (19:35): Anasema: Mado, uache mulamu wako. Kaseti ya saba hakuiiba na hakuikosea. Mimi njo nilimupa. Alikuya kuomba kaseti tupu ya kuandika mupira. Nikafungua sanduku ya baba yenu, nikatosha ile, na mukono yangu, nikamwambia chukua hii.

Junior (19:36): Anasema: nilijua yenye ilikuwa ndani. Nilisikia mara moja, sikutaka mara ya pili. Yeye alijua kisha, nikamuomba anyamaze. Alinyamaza.

Junior (19:38): Anasema: zile tatu zenye zilibakia, hakuna atazisikilisha mu lupango mbele ya mimi kuzisikia. Radio-kaseti inafanya, haiombi mashini. Kesho munifungie, niko na masikio. Kisha nitasema zipi za bantu na zipi za nyumba.

Junior (19:38): Amemaliza.

Tantine Likasi (20:14): Mimi sikugusa mashini, niko Likasi tangu Noeli.

Ya Guy Ndola (20:26): Mama tumesikia. Aksanti.

Ya Mado (20:41): Mama, ni ya ule ukuta?

Junior (20:44): Anasema usiulize mambo ya ukuta mu simu.

Ya Mado (20:52): Sawa Mama.

Ya Mado (20:58): Mulamu.

Mulamu (21:03): Niko.

Ya Mado (21:04): Ungesema.

Mulamu (21:06): Ningesema nini? Na mechi ilikuwa muzuri, niliona deni ni nusu nusu.

Ya Guy Ndola (21:06): 😂 huyu muntu

Ya Mado (21:10): Tutaongea mbele ya misa. Sasa, mashini. Hata kama Mama atachagua moja tu, ile moja lazima iingie, juu radio-kaseti haina nguvu ya kufikisha sauti mpaka ku muti wa maembe. Baflé, vile vipaza sauti, zinafungwa ku mashini. Junior, ulizima ule ulinzi?

Junior (21:12): Nilizima Tantine. Ikaomba kuanza upya. Nikaikubali, umeme ukaenda hapo hapo. Bateri yake haishikaki.

Fiston Kolwezi (21:13): Haina neno, umeme ukirudi itaanza. Junior, mbele ya hapo uliona pembetatu?

Junior (21:14): Niliona. Kodi 39.

Fiston Kolwezi (21:14): Njo ile. Kuna matumaini. Na Windows.old iko? Ni wewe ulipandisha?

Junior (21:20): Ilikuwa inauliza kila siku Ya Fiston, nikabofya ndiyo ili niendelee na kazi ya masomo. Dosie siku ya kwanza niliiona. Diski ilijaa, nikafungua ile ya kusafisha, kulikuwa kitu cha giga 22. Nilikiwekea alama. Lakini sikumbuki kama nilibofya kabisa ama Kambo Mama aliniita.

Ya Mado (21:21): Mungu wangu.

Fiston Kolwezi (21:22): Utaangalia umeme ukirudi. Ikiwa haiko, inabakia ya kwanza na flash yangu. Ruhusa nitauliza tena kesho.

Ya Guy Ndola (21:30): Natuma dola 20 ya petroli ya jenereta, musingoje umeme. Kwa namba ya nani?

Ya Mado (21:30): Yangu.

Mulamu (21:34): Jenereta iko kwangu. Kesho naileta Katuba, namufungia Mama radio-kaseti, Junior anawasha mashini. Saa mbili asubui.

Ya Mado (21:35): Saa kumi na mbili.

Mulamu (21:35): Saa mbili. Ile jenereta nabeba na mukokoteni.

Ya Mado (21:36): Saa moja, na kaseti ya mupira unakuya nayo. Mama ataisikia na yenyewe.

Mulamu (21:40): Ile ni ya kwangu, Mulamu.

Ya Mado (21:41): Tutaona kesho.