Kompyuta inakwamakwama baada ya kubadili prosesa, naomba ushauri

Wakuu, naombeni msaada. Nimetoa prosesa ya AMD Ryzen 5 1600 nikaweka Ryzen 5 5600X, bodi mama ni ileile ya B450, BIOS (programu ya kwenye bodi inayowasha kompyuta) fundi wa Kariakoo alishaipandisha toleo kabla ya kufunga. Windows inawaka vizuri, ila katikati ya gemu picha inaganda kama sekunde hivi, sauti inakoroma krrr, halafu inaendelea. Jana ikajizima na kuwaka yenyewe. Joto halifiki nyuzi 75.

Nikishusha kasi ya RAM kutoka 3200 hadi 2133 haijizimi, lakini kuganda kuko palepale. Nasoma kwamba fTPM (kipengele cha usalama cha prosesa za AMD) iliwahi kuleta kuganda kwa namna hii, na dawa ikaja mwaka 2022 na BIOS zenye AGESA (msimbo wa AMD ulio ndani ya BIOS) toleo la 1.2.0.7. Yangu inaonyesha 1.2.0.3. Nianzie hapo, au pawasapulai ya wati 450 imechoka? (Umeme wa huku Mbagala mnaujua.) Kufomati sitaki, kazi za wateja zimo humo.