Noti niliyoibonyeza bila kuipiga imelia yenyewe. Kwa nini?

Muuliza
Wakuu, naomba msaada. Najifunza piano, na jana limenitokea jambo ambalo bado linanizunguka kichwani. Niliibonyeza Do ya kati taratibu mno, nyundo isiufikie uzi, nikaishikilia hivyo hivyo. Kwa mkono wa kushoto nikaipiga kwa nguvu Do ya chini yake, nikaiachia mara moja. Ya chini ikanyamaza. Ya kati ikabaki inaimba, sauti nyembamba lakini safi kabisa! Nikajaribu vilevile kwa kushikilia Re: karibu kimya. Nani kaipiga hiyo Do?

Jibu la 1
Mwangwi wa chumba tu huo, mkuu.

Jibu la 2
Mwangwi wa chumba usingeibagua Re. Kazi yangu ni kutyuni piano, na jambo hili nalisikiliza kila siku. Do uliyoipiga hutetemeka mara 131 hivi kwa sekunde, lakini uzi wake hautetemeki mzima mzima tu. Papo hapo hujigawa nusu, theluthi, robo, na kila mgawanyo una sauti yake. Nusu hutoa 262, ndiyo Do ya kati. Mtetemo huo hupita kwenye daraja la mbao, ukaingia ubao wa sauti, ukazifikia nyuzi zote. Nyingi zimekandamizwa na felti, kitambaa kizito cha kuzinyamazisha. Ya kwako ulikuwa umeifungulia kwa kidole, ikapokea. Ni kama mtoto kwenye bembea: ukimsukuma kwa kufuata mwendo wake, hata visukumo vidogo vinampaisha.

Sasa shikilia Sol iliyo juu ya Do ya kati. Theluthi hutoa 392, nayo itaimba.

Muuliza
Imeimba! Nimewaita wa nyumbani waje wasikie. Nikaendelea hadi Mi ya oktavu inayofuata (oktavu ni kutoka Do moja hadi Do nyingine), maana nilihesabu kuwa ndiyo sauti ya sehemu ya tano ya uzi. Inatoka hafifu, kama inalazimishwa. Piano imeharibika?

Jibu la 2
Haijaharibika, na nimefurahi sana kwamba umeisikia. Sehemu ya tano ya uzi wako hutoa karibu 654, lakini Mi ya piano tunaiweka 659. Oktavu imegawanywa hatua 12 zilizo sawa ili wimbo uchezeke kuanzia noti yoyote, kwa hiyo Mi inasogezwa juu kidogo. Zipige hiyo Do ya chini na Mi pamoja, usogeze sikio. Ndani ya sauti kuna kitu kinatikisika, kama mara tano kwa sekunde. Mitikisiko ya namna hiyo ndiyo ninayoihesabu nikishika ufunguo wa kutyunia.