Vigae vya kale vya Kifaransa kwa jiko la mita 18 za mraba: vya kuchomwa, vya saruji au tomette?

Mwambao_59
Wakuu, naomba ulinganisho. Jiko liko chini, mita 3.6 kwa 5, nyumba ya matofali ya zamani hapa Lille. Sakafu ya awali imeshang'olewa, kuna zege jipya. Muuza vifaa vya nyumba zilizobomolewa ana aina tatu: vigae vya kuchomwa vya sentimita 14 vyenye nakshi, mhuri wa kiwanda cha Boulenger cha Auneuil nyuma, vya saruji vya 20 kwa 20, na tomette, yaani vigae vyekundu vya udongo vya pembe sita, kutoka Salernes. Kipi kinafaa, na ninunue vingapi?

Fundi Tindo
Jikoni chukua vya Auneuil. Ni udongo uliobanwa kwa mashine ukachomwa kwa moto mkali mpaka vinyweleo vikazibika, kwa hiyo mafuta na manjano havipenyi wala huhitaji kupaka dawa. Nakshi yake si rangi ya juujuu, ni udongo wa rangi wenye unene wa milimita kadhaa, ndiyo maana baada ya miaka mia bado inaonekana.

Kasoro yake ni vipimo. Udongo husinyaa tanurini, na haukusinyaa sawasawa, hivyo kigae kimoja kina 139 mm na jirani yake 141. Ukivipanga ovyo, kufika safu ya kumi mistari imeshapinda. Unene nao unatofautiana, hasa vikiwa vimetoka kwenye korido: vya katikati vimelika na nyayo, vya pembeni bado vizima. Kata kipande cha plaiwudi chenye pengo la 140 mm, pitisha kila kigae, gawa mafungu matatu: vinavyopita kirahisi, vinavyobana, na visivyopita. Kisha gawa tena kwa unene. Kila fungu lipate eneo lake. Vilivyolika sana vifiche chini ya makabati na friji.

Hesabu: kwa maungio ya 2 mm, mita ya mraba inakula vigae karibu 50. Mita 18 ni takriban 893. Ongeza asilimia 15, unafika 1,030 hivi. Ukitaka safu moja ya ukingo kuzunguka ukuta, ni kama 116, vinne kati yake vya kona. Hesabu ukingo KWANZA. Vya katikati hupatikana, kona ndizo zinazokosekana, na hakuna wa kukuchongea.

Bi Chokaa
Fundi, kwa jiko nakubali, ila vya saruji usivitupe. Vilianzia Viviers, Ardèche, katikati ya karne ya 19, na havichomwi: vinabanwa ndani ya umbo la chuma, hivyo upana wake uko sawasawa kuliko vya kuchomwa. Kupanga ni raha. Tabu ni kwamba vinakunywa kila kitu. Paka dawa ya kuziba vinyweleo KABLA ya kujaza maungio, la sivyo grauti inaacha utando usiotoka. Na limau likidondoka jikoni, alama inabaki.

Tomette ziende chumbani au sebuleni. Ni laini, zinapenda mafuta ya kitani na nta, na jikoni utazipaka tena na tena.

Kibarua wa Kesho
Kusafisha saruji ya zamani iliyoganda nyuma, si unaloweka tu kwenye siki usiku kucha?

Fundi Tindo
Inategemea kigae, na hapa ndipo watu wanaharibu shehena nzima. Vya saruji HAPANA: asidi inakula kigae chenyewe sawa na inavyokula uchafu. Vya kuchomwa vinavumilia. Anza kwa mkono: laza kigae kifudifudi juu ya mchanga, tindo ilale karibu sambamba na mgongo, gonga kidogo kidogo kutoka ukingoni kwenda katikati. Chokaa ya zamani inabanduka kwa vipande. Saruji haibanduki hivyo. Tumia grainda yenye kikombe cha almasi, nje, na barakoa ya FFP3, ile ya kuchuja vumbi laini kabisa, maana vumbi lile ni silika, linaharibu mapafu. Kingo lazima ziwe safi kabisa. Punje ya milimita moja inakuharibia ungio.

Ukiwa na shaka kigae ni cha aina gani, gonga kwa kucha: cha kuchomwa kinalia, cha saruji kinatoa sauti nzito. Tone la siki kwenye sehemu iliyovunjika nalo linakueleza, saruji inatoa povu. Usilijaribu mgongoni, chokaa iliyobaki itakudanganya.

Mwambao_59
Nimeelewa. Gundi au mchanganyiko wa mchanga na saruji?

Bi Chokaa
Kwa unene usiolingana, gundi ya kawaida haitoshi. Tandaza mchanga na saruji, 4 kwa 1, unyevu tu (ukiufinya unashikana lakini hautoi maji), unene wa sentimita 4. Nyuma ya kila kigae pakaa uji wa saruji, kiweke, gonga kwa nyundo ya mpira, angalia kwa pima maji. Cha nene kinazama zaidi, sura ya juu inabaki sawa. Kwa mita 18 unahitaji mchanga kama mita 0.75 za ujazo, na vigae na tandiko pamoja vinafika kilo 115 kwa kila mita ya mraba. Chini juu ya zege hakuna shida. Ghorofani kwenye mbao usithubutu bila mhandisi.

Kabla ya hapo pima mlango: sentimita 4 na kigae cha milimita 16 ni karibu sentimita 6 za kupanda.

Fundi Tindo
Na acha nafasi ya 5 mm kando ya kuta zote, ujaze ukanda wa sponji laini, usiweke saruji. Maungio yawe ya kijivu, weupe unaonyesha kila kasoro ya kingo za kale.